Telegramu, Gazeti na Geti Letu

Shosho mmoja anayeuza mboga karibu na geti letu hapa Ngoingwa aliniuliza mwaka jana, "Kijana wangu, kwani hapo ndani ni kanisa?" Tulikuwa tumekaa hapo karibu miaka miwili. Kikundi chetu kina chumba kimoja cha vitabu, viti vya plastiki, na watoto wanaokuja kusoma kila Jumamosi. Mimi ndiye mtu wa mawasiliano, yaani mwenye simu ya kamera nzuri kidogo. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeandika ripoti kadhaa kwa Kiingereza safi, na ukurasa wetu ulikuwa na wafuasi kutoka nchi ambazo huenda nisizikanyage maishani. Shosho alidhani tunaombea wagonjwa.

Nilicheka pale pale, lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani.

Wengi wetu tunadhani mambo ya vikundi vidogo kujitangaza yaliletwa na wafadhili, pamoja na semina za hoteli na kalamu za bure. Si kweli. Huku kwetu, kati ya Nairobi na Murang'a, kazi hii imefanywa kwa zaidi ya miaka 100, na waliotutangulia waliifanya kwa pesa kidogo na hatari kubwa.

Chukua Harry Thuku. Kabla ya siasa alikuwa tayari mtu wa mawasiliano. Alipanga herufi za chapa katika The Leader, gazeti la walowezi, kisha akawa mpokeaji simu kwenye Hazina ya serikali kule Nairobi. Alijua habari inavyosafiri. Kufikia mwaka 1921 mambo yalikuwa yamekaza: kodi ya nyumba ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16, wanaume walikuwa wanatembea na kipande shingoni, na walowezi wakaamua kukata mishahara ya vibarua kwa thuluthi moja. Mwezi Juni, Thuku na wenzake wakaunda Young Kikuyu Association. Haukupita muda, wakabadilisha jina likawa East African Association, kwa sababu shida zile hazikuwa za Wakikuyu peke yao.

Mwezi Julai wakatuma telegramu London. Hebu fikiria kile kiburi kizuri. Chama cha makarani na vibarua kinawaruka machifu, kinamruka DC, kinamruka gavana mwenyewe, na kuongea na serikali ya Uingereza moja kwa moja. Na telegramu unailipia kwa neno! Lakini ndani yake walisema pia kwamba ukiwaondoa wamishenari, Wahindi ndio marafiki wao wakubwa. Wakati huo Wahindi na walowezi walikuwa wanavutana vikali, na Thuku alikuwa anasaidiwa na M. A. Desai, mhariri wa East African Chronicle. Kwa hiyo maneno yale, hata kama yalitoka moyoni, yaliwasha moto nyumbani. Machifu waliokuwa katika Kikuyu Association, na wamishenari waliowaunga mkono, walikuja juu. Hoja yao ilikuwa rahisi: nani aliwatuma mtusemee?

Huwa siwatetei machifu wa wakati ule, lakini swali hilo linaniuma, maana hata mimi nimeshaulizwa.

Siku moja nilipiga picha ya kijana mdogo anasoma sakafuni, miguu mitupu, mwanga wa dirisha umempiga usoni. Picha tamu sana. Niliiweka kwenye ukurasa wetu na maneno machache kuhusu watoto wasio na kitu. Ilisambaa, na mchango ukaingia. Wiki iliyofuata mama yake akaja. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mbona umemfanya mtoto wangu hana viatu?" Viatu vilikuwa mlangoni. Sisi ndio tuliowaambia watoto wavivue wasichafue mkeka. Nilifuta picha ile mbele yake, lakini ilikuwa imeshatumwa huku na kule. Telegramu ikishaenda, imeenda.

Tumpe Thuku haki yake: yeye hakuishia London. Alikwenda Kiambu na Murang'a akahutubia mikutano mikubwa, akaongea na watu wenyewe kuhusu kodi, kipande na wasichana waliolazimishwa kufanya kazi mashambani. Ndiyo maana alipokamatwa tarehe 14 Machi 1922, watu walijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi bila bango hata moja. Tarehe 16, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakejeli wanaume kwa woga wao, akawaongoza wanawake mbele, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu wengine waliokuwako walisema ni zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Thuku alipelekwa Kismayu. Wanawake wakabaki na wimbo, Kanyegenyuri, uliobeba habari hiyo kutoka kijiji hadi kijiji. Huo haukuhitaji kulipiwa kwa neno.

Chama chake kikavunjika. Katikati ya miaka ya 1920, Murang'a, ikazaliwa Kikuyu Central Association, na hapo ndipo napenda kukaa zaidi, kwa sababu hawa walifikiria upya habari inapaswa kwenda wapi. Mwezi Mei 1928 walianza gazeti la kila mwezi. Mhariri alikuwa Johnstone Kenyatta, ambaye alikuwa ameacha kazi ya kusoma mita za maji za Baraza la Manispaa, kazi iliyomlipa vizuri kuliko Waafrika wengi wa Nairobi. Sasa akawa katibu wa chama, mwandishi, na msambazaji anayezunguka vijijini kwa pikipiki. Mtu mmoja, kazi tatu. Walio kwenye vikundi vidogo wanaelewa hapo nasema nini.

Gazeti liliitwa Muigwithania. Kwa Kikuyu, kuigua ni kusikia, na muigwithania ni yule anayewafanya watu wasikizane, mpatanishi. Lingeweza kuitwa Sauti ya fulani, au Mwangaza. Lakini hawa walichagua jina la kazi ya katikati, ya kuwageuza watu watazamane.

Na ukilisoma, ndivyo lilivyo. Nilitarajia hasira kila ukurasa. Badala yake kuna methali, ushauri wa kulima vizuri na kusomesha watoto, watu wanaonywa waache ulevi, na barua nyingi za wasomaji, wengine wakiandika kutoka mbali walikokwenda kutafuta kazi. Ardhi ipo, bila shaka, lakini inazungumzwa kwa tahadhari. Hata Dola ya Uingereza inasifiwa mahali fulani, jambo ambalo mwanzoni lilinikera. Baadaye nikaelewa kwamba walijua wanasomwa na nani. Kila toleo lilitafsiriwa kwa ajili ya serikali, na mtafsiri alikuwa mmishenari, A. R. Barlow. Kichekesho ni kwamba wanahistoria wa leo hulisoma zaidi kupitia tafsiri hizo za Kiingereza, zilizohifadhiwa kwenye mafaili ya serikali. Waliolichunguza ndio waliolitunza.

Mwezi Februari 1929 Kenyatta alipanda meli kwenda London kupeleka malalamiko ya ardhi. Safari ilichangiwa na wanachama, na gazeti likaendelea kwa mikono mingine. Kwa hiyo London haikusahaulika. Tofauti ni kwamba safari hii, kabla ya mtu kwenda kuwasemea watu huko, watu walikuwa wameshasoma, wakaandika barua, wakabishana, wakatoa shilingi zao. Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ikakipiga chama marufuku, na gazeti likaenda nacho.

Sitaki kulitakasa. Lilikuwa gazeti la wanaume waliosoma shule za misheni, na linapowataja wanawake mara nyingi ni kuwakemea. Nyanjiru alikuwa amekufa miaka sita tu kabla yake.

Rudi Ngoingwa. Bado naandika ripoti za Kiingereza, kodi ya chumba hailipwi na historia. Lakini picha ya mtoto haitoki kwenye simu yangu siku hizi kabla mzazi hajaiona pamoja na maneno yake. Na mwezi wa tatu tulipaka rangi kibao tukakitundika kwenye geti, Kikuyu juu, Kiswahili chini: hapa ni chumba cha vitabu, Jumamosi saa tatu hadi saa nane, hakuna malipo. Chini tuliacha nafasi nyeupe, si kwa busara yoyote. Rangi ilikuwa imeisha.

Kabla ya wiki kuisha mtu alikuwa ameandika hapo kwa biro, herufi kubwa za mkono unaotetemeka: NA SISI WAZEE?

Bado hatujajibu. Mkutano ni Jumapili baada ya kanisa, na shosho ameniambia atakuja na kiti chake, hivi vyetu vya plastiki havimwamini.