Kumzoesha Mtoto wa Kiume Choo: Malezi na Hukumu za Twahara

Sifa njema zote ni za Allaah, na Rehema na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake.

Mtoto anapoachishwa pampasi, mkojo huwa mkekani, godoroni, hata juu ya msala. Kina mama wengine huacha Swala ikapita kwa kuona nguo zao hazina twahara, na kina baba wengine hushika fimbo. Tumeona tuyaeleze mambo mawili kwa pamoja: malezi na hukumu.

Lini aanze

Sheria haikuweka umri. Watoto wengi huwa tayari baina ya miezi 18 na miaka 3, na wa kiume mara nyingi huchelewa kidogo kuliko wa kike. Tazameni dalili: anakaa mkavu kiasi cha saa mbili, anaivua suruali yake, na anaweza kusema au kuonyesha kuwa ana haja. Msimshindanishe na mtoto wa jirani.

Namna ya kumzoesha

Anzeni na poti, kwani choo cha wakubwa humtisha. Akalishwe anapoamka, baada ya kula na kabla ya kulala, kwa dakika chache tu. Afundishwe kukojoa akiwa amekaa au amechuchumaa ili mkojo usimrukie, na hiyo ndiyo ada ya Mtume (S.A.W.) aliyoisimulia Bibi Aisha (r.a.). Ambaye hajatahiriwa asivutwe ngozi kwa nguvu. Aoshwe kwa nje tu.

Azoee pia adabu: kuingia chooni kwa mguu wa kushoto na kutoka kwa wa kulia, kustanji kwa mkono wa kushoto, kisha kunawa kwa sabuni. Mzazi asome dua kwa sauti mlangoni kabla ya kuingia, na mtoto ataishika.

Hukumu za mkojo wake

Tunaeleza kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi visiwani.

1. Mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea. Dalili ni Hadithi ya Ummu Qays bint Mihsan (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Lakini mtoto wa poti keshakula uji na wali. Mkojo wake ni lazima uoshwe.

2. Nguo isitumbukizwe na najisi yake ndani ya ndoo. Maji yaliyo chini ya qullatayn, takriban lita 200, hunajisika kwa kuingiwa na najisi. Ondoeni kwanza uchafu wenyewe, kisha mimineni maji juu ya nguo.

3. Godoro au zulia likaushwe mkojo kwa kitambaa, kisha yamiminwe maji yaenee mahali palipoingia mkojo. Kulianika juani peke yake hakulitwaharishi.

4. Kumbeba mtoto katika Swala kunajuzu, Mtume (S.A.W.) alimbeba mjukuu wake Umama. Asili ya mwili na nguo za mtoto ni twahara, na shaka haiondoi yakini. Lakini ukijua pampasi ina mkojo, mbadilishe kwanza, kwani kumbeba hali hiyo hubatilisha Swala.

Basi mama aweke kanga na msala safi mahali mtoto hapafikii, wala asiiache Swala ipite wakati wake.

Anapokosea

Mtoto hana dhambi. Akichapwa huogopa, akazuia choo kikawa kigumu, na kazi ikarudi nyuma. Kukojoa kitandani usiku ni jambo la kawaida hata kufika miaka 5. Ila akilia anapokojoa, akiwa na homa, au aliyekuwa mkavu akarudia ghafla, apelekwe hospitali.

Tukumbuke yule bedui aliyekojoa ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.). Maswahaba walimjia juu, Mtume akawaamuru wamwache amalize, kisha ikamwagwa ndoo ya maji. Huyo alikuwa mtu mzima, na alifanyiwa upole. Mtoto wa miaka miwili anastahiki zaidi.

Wallaahu a'lam.