Habari na Mpokezi Wake

Watu wetu wana msemo: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Ni msemo mtamu barazani, lakini ukiupima kwa mizani ya dini na tarikh utaona kuwa umewaponza wengi.

Mwaka 615 kundi la Waislamu wa mwanzo lilihamia Uhabeshi kukimbia mateso ya Makureshi. Haukupita muda wakasikia kuwa watu wa Makka wamesilimu. Baadhi yao wakafunga safari kurudi, na walipoukaribia mji wakatambua kuwa habari ile ni ya uwongo. Ikawabidi waingie, huyu kwa kujificha, yule kwa kuomba himaya. Baadaye, Madina, uvumi uliingia nyumbani mwa Mtume mwenyewe (s.a.w.). Bibi Aisha (r.a.) alizuliwa neno, likatembea midomoni kiasi cha mwezi, mpaka zikashuka aya za Surat an-Nur kumtakasa. Na walioliendeza neno lile hawakuwa wanafiki peke yao. Walikuwamo pia Waislamu waliosikia wakasema. Hapo ndipo pa mazingatio, ndugu msomaji.

Surat al-Hujurat ilikwisha kuamrisha kuwa habari iletwayo na fasiki ichunguzwe kwanza. Juu ya msingi huo maulamaa walijenga elimu nzima. Baada ya fitina za karne ya kwanza ya Hijra, mwenye kusimulia hadithi aliulizwa: umeipokea kwa nani, naye kaipokea kwa nani? Maisha ya wapokezi yakaandikwa: kazaliwa lini, kafa lini, ukweli wake na hifadhi yake vilikuwaje. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 A.H. (870), mbali na Sahihi yake aliacha kitabu kikubwa cha tarikh ya wapokezi.

Faida ya elimu hiyo ilionekana Baghdad katika karne ya tano ya Hijra. Wanahistoria wamesimulia kuwa waziri Ibn al-Muslima aliletewa waraka ulionasibishwa kwa Mtume (s.a.w.), wa kuwaondolea watu wa Khaybar kodi ya jizya, nao una majina ya masahaba mashahidi. Waziri akampa al-Khatib al-Baghdadi autazame. Al-Khatib akasema umezuliwa. Akaulizwa kajuaje. Akajibu kuwa ndani yake mna ushahidi wa Muawiya, naye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, 8 A.H., na Khaybar ilikuwa mwaka 7; tena mna ushahidi wa Saad bin Muadh, naye alifariki mwaka 5. Tarehe mbili zikauangusha waraka mzima.

Leo kazi kama hiyo wanafundishwa kompyuta. Mwaka 2014 ulianza Ulaya mradi uitwao PHEME wa kutambua uvumi katika mitandao ya kijamii. Mashine hutazama habari imeanzia kwa nani, imepita wapi, na katika wanaoijibu nani anaikubali, nani anaikanusha, nani anadai ushahidi. Haja ipo: mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza kuwa katika mtandao wa Twitter, baina ya 2006 na 2017, habari ya uwongo ilikuwa na nafasi ya asilimia 70 zaidi ya kusambazwa kuliko ya kweli. Nao waliona kuwa waliozidisha kuieneza ni wanadamu, si mashine.

Lakini mashine hiyo haifiki kila mahali. Ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa siri baina ya mtumaji na mpokeaji, hata kampuni yenyewe haiusomi. Ndiyo maana mwaka 2019 iliamua tu kupunguza: ujumbe mmoja usipelekwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja. Basi neno linapoingia simuni mwako juu ya binti wa jirani, au dawa, au fatwa isiyo na mwenyewe, hapana al-Khatib wala kompyuta ya kulizuia. Mpokezi ni wewe, na baada yako silsila inaendelea kwa jina lako.

Uliza limetoka kwa nani na lini. Usipopata jibu, lifie kwako. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo.

Wabillahi tawfiq.