Kutoka Oldia hadi Mbwa wa Kisasa: Historia ya Dhana ya Mbegu ya Mbwa katika Jiji la Arusha na Viunga vya Mlima Meru

Insha hii inahusu neno moja, mbegu, na namna neno hilo lilivyohama kutoka kwa ng'ombe hadi kwa mbwa katika jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Mfugaji wa Njiro au Usa River akiulizwa kwa nini amemchagua mbwa fulani, aghalabu hujibu kwa kutaja mbegu: huyu ni mkali kwa kuwa ni Rottweiler, yule ana akili kwa kuwa ni mchungaji wa Kijerumani, na wale wa jirani ni waoga kwa kuwa ni wa kienyeji. Jibu hilo hutolewa kana kwamba ni maelezo ya maumbile. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ni maelezo ya historia. Kinachoitwa tabia ya mbegu ni, kwa sehemu kubwa, kumbukumbu ya kazi ambazo mbwa walipewa na ya watu waliowapa kazi hizo. Suala hili halikomei kwenye nadharia. Imani kwamba ukali na utulivu hukaa katika damu ndiyo huamua mbwa yupi afungwe mnyororo, yupi apandishwe, yupi apelekwe kuchanjwa, na yupi aachwe barabarani.

Waarusha, wakulima wanaozungumza Kimaa katika miteremko ya Meru, humwita mbwa oldia. Neno hilo hutaja mnyama, halitaji daraja lake. Kazi ya mnyama huyo ilikuwa kubweka usiku fisi au chui anapolikaribia boma, na malipo yake yalikuwa makombo. Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba ufugaji wa namna hiyo haukuwa na uteuzi. Katika boma lenye watoto, kuku na wanambuzi, mbwa anayeuma ovyo, anayekula mayai au anayekamata kitoto cha mbuzi hakai muda mrefu. Anayebweka kwa sababu hulishwa, naye huzaa. Uteuzi huo ulifanywa baada ya tabia kuonekana. Uteuzi wa kisasa hufanywa kabla, kwa kutazama umbo na rangi, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa insha hii.

Wafanyabiashara Waislamu walioingia Arusha kutoka pwani walikuja na mtazamo mwingine. Katika madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Lakini mbwa wa kuwinda na wa kulinda ameruhusiwa. Hapa pia kazi ndiyo iliyompa mbwa hadhi. Methali ya Kiswahili isemayo mbwa wa msasi mkali ni mkali pia inastahili kuzingatiwa na mtafiti yeyote wa tabia za wanyama, kwa kuwa inamweka msasi mbele ya mbwa: ukali unatoka kwa bwana na kumshukia mnyama wake. Hakuna mbegu katika methali hiyo.

Dhana ya mbegu ilikuja na watu waliokuwa wakiibuni wakati uleule. Mwaka 1899, nchini Ujerumani, Max von Stephanitz alimnunua mbwa aliyekuja kuitwa Horand von Grafrath, akaanzisha chama cha mbwa wachungaji wa Kijerumani na kumwandikisha mbwa huyo kuwa wa kwanza katika kitabu cha nasaba. Katika miaka hiyohiyo, 1899 na 1900, Wajerumani walikuwa wakijenga boma la Arusha. Hatudai kwamba mambo haya mawili yanahusiana moja kwa moja. Tunachosema ni kwamba mbwa ambaye leo anatazamwa katika mageti ya Arusha kama mnyama wa kale mwenye tabia isiyobadilika ana umri sawa na ngome ya kikoloni iliyomo katikati ya jiji. Hata jina lake halikutulia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza, ambao walikuwa wameitwaa Arusha mwaka 1916, walimwita mbwa huyo Alsatian ili kuuepuka Ujerumani, na chama chao cha mbwa hakikumrudishia jina lake kamili hadi mwaka 1977. Ndivyo ilivyokuwa kwa nchi yenyewe pia: ile iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani ilibatizwa Tanganyika mwaka 1920.

Mfano wa rijibaki unaeleza zaidi. Kuanzia miaka ya 1904 na 1905, baada ya vita vyao na Waingereza, Makaburu kutoka Afrika Kusini walipewa ardhi na Wajerumani katika maeneo ya Meru, hasa upande wa kaskazini. Simulizi za wapenda mbwa huwahusisha walowezi wa aina hii na rijibaki, mbwa mwenye mstari wa manyoya mgongoni yanayoota kuelekea kichwani, ambaye husifiwa kuwa aliumbwa kwa ajili ya simba wa Afrika. Simulizi hiyo ina kasoro ya tarehe. Mbwa wenye mstari huo walikuwapo kwa Wakhoikhoi, na wawindaji wa Kizungu, Cornelis van Rooyen akiwa maarufu miongoni mwao, waliwachanganya na mbwa wa Ulaya. Lakini vigezo vya kumtambua rijibaki viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, chini ya Francis Barnes, kwa kufuata vile vya mbwa wa Dalmatia. Kaburi wa Meru wa mwaka 1905 asingeweza kuwa na rijibaki. Alikuwa na mbwa wa shamba, chotara kama chotara wengine.

Vigezo hivyo vilikuwa na gharama. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba badiliko la kinasaba linaloleta mstari wa mgongoni ndilo pia linalomweka mbwa katika hatari ya tundu la ngozi linalozama kuelekea uti wa mgongo. Vitoto vilivyozaliwa bila mstari, ambavyo havina hatari hiyo, ndivyo vilivyouawa na baadhi ya wafugaji kwa kukosa alama ya ukoo. Anayetaka kujua umbo linavyoweza kuishinda afya katika uchaguzi wa kupandisha hana haja ya kutafuta mfano mwingine.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2009, ulilinganisha mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia na mbwa wa mbegu zinazotajwa kuwa za Kiafrika. Rijibaki alionekana kuwa na asili ambayo kwa sehemu kubwa si ya Afrika. Aliyekuwa karibu na mbwa wa vijijini ni Basenji, mbwa wa Kongo. Jina Basenji lina mzizi mmoja na neno letu washenzi, ambalo watu wa pwani waliwaita watu wa bara, na ambalo walowezi wa Kiingereza walilichukua na kumtwisha mbwa wa Mwafrika: mbwa shenzi. Kwa hiyo mnyama yuleyule alikuwa shenzi alipolala nje ya nyumba ya mfanyakazi wa shamba la kahawa, na alikuwa mbwa wa maonyesho, mwenye nasaba, alipofikishwa London katika miaka ya 1930. Kilichobadilika ni mwenye mbwa.

Palikuwa na jambo moja ambalo walowezi hawakuweza kulidharau kwa mbwa shenzi: aliishi. Mbwa waliotoka Ulaya walikutana na kupe, na kupe walikuwa na vimelea vya damu vilivyotambuliwa kwa mbwa mwaka 1895, huku tiba ya kwanza yenye mafanikio, rangi ya bluu ya trypan, ikijulikana mwaka 1909. Anayeambukizwa akiwa mdogo, chini ya kinga ya mama, ana nafasi ya kupona na kustahimili. Anayewasili akiwa mkubwa kutoka nchi isiyo na kupe hao hana. Baridi ya Arusha, iliyo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huwadanganya wafugaji wengi kwamba mbwa wa manyoya marefu anafaa hapa. Baridi anaiweza. Asichokiweza ni majani ya kando ya njia. Utunzaji wa mbwa wa aina hiyo, yaani kumchana kila siku, kupekua masikio, makwapa na katikati ya vidole, si urembo bali ni tiba, na asiye na mtu wa kuifanya kazi hiyo hana budi kufuga mwenye manyoya mafupi. Tabia ya kumpaka mbwa dawa ya josho iliyobaki baada ya kuogesha ng'ombe ni mbaya, kwani kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa, lakini inatuonyesha jambo la kihistoria: maarifa ya kutunza mbwa yalipitia zizini.

Maarifa ya kupandisha nayo yalipitia huko. Meru ni nchi ya ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo Usa River, na chuo cha mifugo kipo Tengeru. Kwa miongo kadhaa wakulima wa hapa wamesikia maneno ng'ombe wa kisasa, wa kienyeji na chotara kutoka kwa maofisa ugani. Kwa ng'ombe maneno hayo yana maana inayopimika. Lita za asubuhi na jioni huhesabiwa, na mkulima anajua kwamba Friziani halisi humpa maziwa mengi lakini humtaka majani, maji na dawa nyingi kuliko chotara. Msamiati huo ulipohamishiwa kwa mbwa ulibeba uhakika wake bila kubeba kipimo chake. Hakuna ndoo ya kukamulia ukali. Mfugaji anayempandisha jike lake kwa dume la geti la jirani, na kumlipa mwenye dume kwa kitoto kimoja cha kuchagua, anaamini anafanya kile alichofanya kwa ng'ombe wake. Kumbe anachonunua ni masikio yaliyosimama na mgongo mweusi.

Kulegezwa kwa masharti ya biashara katika miaka ya 1980, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, kuliongeza kasi ya mabadiliko haya. Nyumba za uzio ziliongezeka, kampuni binafsi za ulinzi zikaanzishwa, na jiji likapokea wageni wa mikataba ya muda, wakiwamo watumishi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Mbwa wa kisasa akawa sehemu ya geti. Kazi ya geti ni tofauti na ya boma. Mbwa wa boma alipaswa kuwajua watu wengi na kuwatofautisha. Mbwa wa geti hufungiwa mchana, hufunguliwa usiku, na hujua watu wanne au watano. Wachunguzi Scott na Fuller, katika kazi yao ya mwaka 1965, walionyesha kwamba kipindi cha wiki ya 3 hadi ya 12 ndicho ambacho kitoto cha mbwa hujifunza nani ni mwenzake. Kitoto kinachoondolewa kwa mama kikiwa na mwezi mmoja na kuwekwa bandani mpaka kikue kitaogopa watu, na mbwa mkubwa mwenye hofu huuma. Mwenye nyumba husema mbegu imejidhihirisha.

Inafaa kulinganisha hali hiyo na kazi inayofanyika kilomita chache tu kutoka mitaa hiyo. Shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mwaka 2014 mpango wa mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za faru, na mafunzo yake yakafanyika Usa River. Humo wamo Malinois wa Ubelgiji na wachungaji wa Kijerumani, yaani walewale wanaosifiwa kwa ukali mitaani. Lakini mbwa wa kunusa huchaguliwa mmojammoja, kwa hamu yake ya kucheza, kwa kuwa ujira wake ni mpira. Mbwa anayewatishia abiria bandarini au uwanja wa ndege hana kazi. Askari wa wanyamapori anayeongozana naye hufunzwa pamoja naye, na wote wawili hupimwa. Wafunzi hao hawapuuzi ukoo, maana huwatafuta mbwa wao katika jamii chache zinazojulikana. Ila ukoo kwao ni mahali pa kuanzia kutafuta, na jibu hutolewa na mbwa mwenyewe.

Msimamo huo unaafikiana na utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2022, uliotumia maelezo ya wamiliki wa mbwa 18,385 na vinasaba vya mbwa 2,155. Mbegu ilieleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Kulikuwa na sifa ambazo mbegu ilizigusa zaidi, hasa utayari wa kufuata maelekezo ya binadamu. Wepesi wa kuchokozeka haukuwa miongoni mwake. Kwa maoni yetu, matokeo haya yasitumiwe kusema kwamba mbegu ni uongo mtupu. Yatumike kuhoji kwa nini sifa ambayo mbegu inaieleza kwa uchache ndiyo inayolipiwa zaidi Arusha.

Athari iliyo nzito ipo katika chanjo. Udhibiti wa kichaa cha mbwa hutaka asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe, bila kujali ukoo. Mbwa wa kisasa, kwa sababu alinunuliwa, huitiwa daktari wa mifugo nyumbani. Mbwa anayeitwa koko huhesabiwa kuwa hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe humtafutia mtaa sumu au risasi badala ya sindano. Tafiti zilizofanywa kaskazini mwa Tanzania, hasa katika vijiji vinavyopakana na Serengeti, zimeonyesha kinyume: mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe, wanaweza kushikwa, na wanachanjika. Siku ya chanjo huletwa kwa kamba ya katani au kipande cha kitenge, na mara nyingi anayewaleta ni mtoto, ambaye ndiye pekee katika nyumba anayeweza kumshika mbwa mdomo wakati sindano inaingia.