Nyaya zilizoishia chini ya takia

Tarehe 10 Julai 1969, katikati ya Atlantiki, meli ya Picardy ilikuta mashua ya tanga ikielea bila mtu. Ilikuwa Teignmouth Electron ya Mwingereza Donald Crowhurst, yenye mwili mmoja katikati na miwili pembeni. Kwa mbali ungeidhani ngalawa. Ndani, mafungu ya nyaya za rangi mbalimbali yalitoka huku na huku yakakutana chini ya takia. Hapo zilitakiwa kuingia kwenye kompyuta. Kompyuta haikuwapo.

Crowhurst alikuwa fundi wa elektroniki zaidi kuliko alivyokuwa baharia. Alitaka mashua ijiokoe yenyewe: ikilala ubavu, umeme ufyatue gesi ijaze mfuko uliofungwa kileleni mwa mlingoti, isipinduke kabisa. Aliondoka mji wa Teignmouth tarehe 31 Oktoba 1968, siku ya mwisho iliyoruhusiwa katika mbio za Golden Globe za kuzunguka dunia peke yako, kazi ikiwa nusunusu. Mwezi haujaisha, maji yalishapenya kwenye mfuniko yakaifikia jenereta. Bila jenereta betri hazichajiwi, na bila betri hakuna redio, hakuna taa, wala huo mfuko. Redio ilikuja kufanya kazi, naye akaitumia kutangaza kwamba yuko mahali ambako hakuwako.

Betri haikuwa kitu kigeni. Mfaransa Gaston Planté aliunda ile ya risasi na asidi mwaka 1859. Hata hivyo Joshua Slocum, aliyezunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898, alitumia taa za mafuta, na sidhani kama alijiona amepungukiwa.

Shida ya umeme wa mashua ni udogo wa volti zake. Taa ya wati 60 nyumbani, kwenye volti 240, huvuta robo ya ampea. Kwenye volti 12 huvuta ampea 5. Waya ukiwa mwembamba, hupata moto na taa hufifia. Chumvi nayo hupenya ndani ya ganda la plastiki na kuila shaba kimyakimya mpaka igeuke nyeusi. Mafundi wakahamia kwenye waya mnene wa shaba iliyopakwa bati, fyuzi ikae jirani kabisa na betri. Betri zenyewe wakazigawa mafungu mawili: moja la kuwashia injini tu, jingine la taa, redio na friji. Ukipitiwa na usingizi taa zikiwaka usiku kucha, asubuhi injini itawaka. Betri ya risasi ukiizoesha kushuka chini ya nusu, inakufa mapema. Ile ya lithiamu na fosfati ya chuma, iliyozaliwa Texas katika maabara ya John Goodenough miaka ya 1990, huvumilia zaidi.

Mbio hizo za Golden Globe ziliingiwa na watu tisa. Mfaransa Bernard Moitessier alikataa redio. Barua zake alizirusha kwa manati kwenye meli zilizopita. Robin Knox-Johnston, ndani ya Suhaili, alikuwa akikagua betri asidi ikamrukia jichoni. Redio yake ikafa, na kuanzia Novemba hadi Aprili hakuna aliyejua kama yu hai. Alitia nanga Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312, yeye pekee aliyemaliza kati ya wote tisa. Zawadi ya pauni 5,000 alimpa mjane wa Crowhurst.

Teignmouth Electron iliishia kuozea ufukoni Cayman Brac, katika Karibi.