Kabla ya Injini, Nunua Bomba

Watu wangu wa Kitui na Makueni, tuongee ukweli. Vijana wengi wanaounda bagi, kale kagari ka mabomba matupu ka kukimbiza kwenye mchanga, huanza na injini. Fremu inaachiwa bomba lolote lililobaki kwa fundi wa mageti. Historia inatuambia tufanye kinyume.

Ufundi si shida yetu. Kabla reli haijafika Makindu, wafua vyuma wa Ukambani walikuwa washajulikana kwa mikufu myembamba, pete kwa pete. Kitu kilichotoka nje ni bomba lenyewe. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Reinhard na Max Mannesmann, walipata njia ya kutoboa chuma cha moto kikawa bomba lisilo na mshono. Halafu baiskeli ikaeneza somo. Ile Black Mamba iliyobebea akina susu mitungi ya maji ilionyesha kijiji kizima kwamba mabomba membamba yakiungwa kwa pembetatu hubeba mzigo mzito.

Miaka ya 2010, kampuni ya Mobius, iliyoanzishwa na Mwingereza Joel Jackson, ikaunda gari hapa Kenya juu ya fremu ya mabomba ya chuma. Biashara ilikwama na mwaka 2024 ikatangaza kufunga, lakini wazo lilikuwa lishatembea barabarani.

Sasa wewe unachagua nini? Bomba la maji lilitengenezwa kupitisha maji, si kuzuia gari lisikuponde. Tena ile zinki yake ukiichomelea inatoa moshi wa kukupa homa. Tyubu nyembamba ya mraba, ile ya mageti, ni rahisi kukata na kuunga, ndiyo, lakini gari likibingirika inakunjika.

Angalia sheria za FIA za magari ya mbio: tao kuu la kumlinda dereva ni bomba la duara lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, ama 50 kwa 2.0. Kwa hivyo enda dukani na kipimo, pima unene, usikubali tu "hii ni ngumu, kijana."

Huo unene ndio unabaki kati ya shingo yako na mchanga wa Tiva siku gari litalala juu chini. Kama pesa inatosha kitu kimoja kizuri, nunua bomba. Injini ndogo itakuchelewesha tu.