Melamini ilivyohadaa kipimo cha maziwa

Kipimo cha Kjeldahl, kilichobuniwa mwaka 1883 na mkemia Johan Kjeldahl katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, hakipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni. Chakula huchemshwa katika asidi kali mpaka naitrojeni iliyomo hatimaye itoke kama amonia. Kiasi chake huzidishwa kwa 6.25, au 6.38 kwa maziwa, kwa kuwa protini huwa na takriban asilimia 16 ya naitrojeni.

Hapo ndipo walaghai walipopata mwanya. Melamini, kemikali inayotengenezewa sahani za plastiki ngumu, theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Nchini China ilitiwa katika maziwa yaliyoongezwa maji, na kipimo kikasoma protini tele. Kashfa ilipofichuka mwaka 2008, takriban watoto 300,000 walikuwa wameathirika, baadhi wakiwa na mawe katika figo. Sita walifariki dunia.

Kipimo hicho cha zamani hakikutupwa, na kwa maziwa yasiyochezewa bado kinaaminika. Lakini melamini sasa husakwa kwa mashine zinazoitambua kwa uzito wa molekuli yake, 126, na wa vipande vyake inapovunjwa.