Kunguni, mende na panya katika nyumba ya kukodi: Haki za mpangaji

WAPANGAJI wengi mijini huyapokea mashambulizi ya kunguni kama majaliwa. Mtu huamka usiku wa manane, akawasha taa na kumkuta mtoto amejaa vipele shingoni, na shuka ina madoa ya damu. Kesho yake hununua dawa dukani. Mwezi wa pili huchoma godoro. Mwezi wa tatu huhama, asijue kwamba amewabeba wadudu hao ndani ya viti na kitanda chake.

Katika muda huo wote, ni nadra mpangaji huyo kumwandikia mwenye nyumba hata barua moja. Aibu humziba kinywa, maana tangu jadi kunguni wamehusishwa na uchafu wa mwenye chumba.

Hata hivyo, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayenyamaza hupoteza pesa na usingizi, na zaidi ya hayo hupoteza ushahidi ambao ungemfaa mbele ya sheria. Makala haya yanaeleza sheria za Kenya zinavyosema kuhusu nyumba ya kukodi iliyovamiwa na wadudu au panya, na hatua ambazo mpangaji anaweza kuchukua.

Nyumba lazima ifae kukaliwa

Sheria iliyo muhimu zaidi kwa mpangaji ni Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012. Kifungu cha 65 cha sheria hiyo kinamtwika mwenye nyumba wajibu ambao unahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba hata kama haukuandikwa humo.

Kwa mujibu wa kifungu hicho, nyumba au chumba kinachokodishwa kwa makazi sharti kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Aidha, pale ambapo mtu amekodi sehemu tu ya jengo, mwenye jengo anapaswa kutunza paa, kuta za nje, mitaro mikuu na sehemu zinazotumiwa na wapangaji wote.

Wapo wapangaji wanaodhani kwamba hawana haki yoyote kwa sababu hawakutia sahihi karatasi yoyote. Hilo si kweli. Sheria hiyo hiyo inatambua upangaji wa muda mfupi uliofanywa kwa maneno ya mdomo. Anayelipa kodi kila mwezi na kupokelewa ni mpangaji halali, na wajibu uliotajwa hapo juu unamhusu pia.

Juu ya hayo yote ipo Katiba ya mwaka wa 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata makazi yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi.

Sheria ya afya ina meno

Sheria ya pili ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo imekuwepo tangu mwaka wa 1921. Ilitungwa wakati ambapo kumbukumbu za tauni zilikuwa bado mbichi. Mnamo 1902 ugonjwa huo, ambao huenezwa na viroboto wa panya, ulizuka jijini Nairobi na wakuu wa wakati huo wakauteketeza mtaa wa biashara wa Wahindi kwa moto.

Kifungu cha 118 cha sheria hiyo kinaorodhesha mambo yanayohesabiwa kuwa kero kwa afya ya umma. Miongoni mwayo ni nyumba iliyo chafu au iliyojaa wadudu na wanyama waharibifu kiasi cha kuhatarisha afya, kwa maoni ya afisa wa afya.

Afisa akishakagua na kuridhika kwamba kero ipo, kifungu cha 119 kinamtaka atoe ilani kwa anayeisababisha, akimpa muda maalumu wa kuiondoa. Asipopatikana, ilani hupewa anayekaa katika nyumba au mwenye nyumba. Lakini ikiwa kero imetokana na kasoro ya ujenzi, kwa mfano nyufa za ukuta, dari iliyooza au mtaro uliopasuka, ilani hupelekwa kwa mwenye nyumba.

Anayepuuza ilani hiyo anaweza kushtakiwa mbele ya hakimu. Mahakama inaweza kumwamuru aondoe kero, na ikibidi kupiga marufuku nyumba hiyo kukaliwa hadi itakapofaa tena. Mpangaji akumbuke kwamba amri ya kufunga nyumba humgusa hata yeye, kwani atalazimika kutafuta pengine pa kulala.

Nani aliyewaleta?

Hapa ndipo mizozo mingi huzuka. Mwenye nyumba husema wadudu wameletwa na mpangaji, naye mpangaji husema aliwakuta. Kila upande waweza kuwa na haki.

Kunguni husafiri ndani ya mizigo, nguo, magodoro na samani kuukuu. Mpangaji aliyeleta kitanda cha mtumba kilichojaa kunguni katika nyumba safi hawezi kumdai mwenye nyumba gharama ya dawa. Vivyo hivyo anayerundika mabaki ya chakula jikoni asishangae mende wakimtembelea. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi nacho kinampa mpangaji wajibu wake, ukiwemo wa kuitunza nyumba.

Kwa upande mwingine, panya wanaopenya kwenye matundu ya paa, mende wanaopanda kutoka kwenye mabomba ya maji taka, mchwa wanaotafuna miimo ya milango na kunguni waliokuwa kwenye nyufa kabla ya mpangaji kuingia, hao ni mzigo wa mwenye nyumba. Hali kadhalika wadudu wanapokuwa wameenea katika vyumba vingi vya jengo moja, ni vigumu kumtwika mpangaji mmoja lawama.

Kutibu chumba kimoja hakutoshi

Ili kuelewa kwa nini mwenye nyumba ni lazima ahusike, yafaa kuijua tabia ya kunguni. Mdudu huyu hunyonya damu kwa dakika chache tu usiku, kisha hurejea mafichoni kwenye viungo vya kitanda, mishono ya godoro, nyufa za ukuta na hata ndani ya soketi za umeme. Anaweza kuishi miezi kadhaa bila chakula.

Mayai yake huanguliwa baada ya wiki moja hadi mbili hivi, na dawa nyingi haziyaui. Ndiyo maana unyunyizaji wa mara moja huleta nafuu ya siku chache tu. Kazi hiyo hurudiwa baada ya wiki mbili hivi, na wakati mwingine mara ya tatu.

Isitoshe, katika ploti zenye vyumba vilivyopangwa bega kwa bega, kunguni hupita darini na katika mianya ya nyaya na mabomba. Mpangaji akipiga dawa peke yake, wadudu huhamia kwa jirani na kurudi baadaye. Chumba kilichovamiwa na vile vinavyopakana nacho hukaguliwa na kutibiwa kwa wakati mmoja, na mwenye uwezo wa kufungulisha milango hiyo yote siku moja ni mwenye nyumba au msimamizi wake.

Haijathibitishwa kwamba kunguni hueneza magonjwa kwa kuuma, lakini huwasha ngozi na kunyima watu usingizi. Mende huchafua chakula na kuzidisha pumu kwa watoto, nao mkojo wa panya waweza kuambukiza magonjwa. Haya yote yafaa kutajwa katika malalamiko, hasa ikiwa pana cheti cha daktari.

Hatua za kufuata

Kwanza, kusanya ushahidi. Piga picha za wadudu, madoa kwenye shuka na nyufa wanamojificha. Hifadhi wadudu wachache katika chupa iliyofungwa. Andika tarehe ulipowaona kwa mara ya kwanza, na uweke risiti za dawa na za hospitali.

Pili, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi. Kumwambia msimamizi mlangoni hakutoshi, kwani maneno hupeperuka. Barua au ujumbe wa simu wenye tarehe hutosha, mradi ubaki na nakala. Eleza tatizo, taja vyumba vilivyoathiriwa, omba ukaguzi na kunyunyiziwa dawa, kisha taja muda unaofaa, kwa mfano siku 14.

Tatu, zungumza na majirani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Barua iliyotiwa sahihi na wapangaji kumi ina uzito kuliko ya mtu mmoja, na pia huondoa dhana kwamba tatizo ni uchafu wa chumba kimoja.

Nne, muda ukipita bila jibu, peleka malalamiko kwa afisa wa afya ya umma katika ofisi za kaunti ndogo. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, huduma hizi ziko chini ya serikali za kaunti. Omba akague nyumba, na ufuatilie kujua kama ilani imetolewa.

Tano, mwenye nyumba akikubali kupiga dawa, hakikisha aliyeajiriwa ana leseni ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu. Dawa zinazouzwa mitaani katika chupa zisizo na maelezo zimekuwa hatari kwa watoto. Mpangaji naye atoe ushirikiano: afungue mlango siku iliyopangwa, afue nguo na shuka kwa maji moto, na asogeze samani mbali na ukuta.

Usisimamishe kodi kiholela

Kosa linalowaponza wengi ni kuacha kulipa kodi kwa hasira. Kodi na ukarabati ni mambo ambayo sheria huyatazama kando kando. Mwenye nyumba anayedai kodi aweza kumtumia dalali wa mnada mwenye leseni kukamata mali ya mpangaji, na kesi iliyokuwa ya kunguni ikageuka kuwa kesi ya deni.

Vilevile, usinunue dawa ukakata gharama kwenye kodi kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi au mahakama haijaamuru. Endelea kulipa, weka risiti, na udai haki yako kwa njia inayofaa.

Mwenye nyumba naye hana ruhusa ya kumwadhibu mpangaji aliyelalamika kwa kung'oa mlango au kukata maji. Sheria ya Ardhi inamtaka amwache mpangaji aishi kwa utulivu bila bughudha maadam analipa kodi na kutimiza masharti.

Mahali pa kushtaki

Ambaye kodi yake halali haizidi Sh2,500 kwa mwezi analindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na anaweza kupeleka mzozo mbele ya jopo lililoundwa chini ya sheria hiyo. Anayelipa zaidi ya kiasi hicho huenda kwa hakimu mwenye mamlaka ya kusikiliza kesi za ardhi au katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Jopo la majengo ya biashara halishughulikii nyumba za kuishi.

Asiyekuwa na uwezo wa kumlipa wakili aweza kutafuta msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2016, au kwa shirika la Kituo cha Sheria.

Ukiamua kuhama, usitoroke usiku. Anayelipa kila mwezi na hana mkataba unaosema vingine hutoa notisi ya mwezi mmoja. Taja sababu katika notisi hiyo, omba nyumba ikaguliwe mbele yako, na udai amana yako kwa maandishi. Kabla ya kufunga mizigo, kagua kila samani, la sivyo utayaanza upya yale yale uliyoyakimbia.

Kabla ya kulipa amana

Kinga ni bora kuliko tiba. Unapoonyeshwa nyumba, nenda na tochi. Angalia nyufa za ukuta, pembe za dari, chini ya sinki na nyuma ya milango. Vidoa vyeusi vilivyopangana, maganda membamba ya wadudu au kinyesi cha panya ni dalili tosha.

Waulize majirani, maana wao hawana haja ya kukuficha. Kisha muulize mwenye nyumba ni lini dawa ilipigwa mara ya mwisho, na umwombe aandike katika mkataba nani atagharamia dawa wadudu wakitokea. Piga picha za vyumba vikiwa vitupu na umtumie siku hiyo hiyo unapochukua ufunguo.

Picha hizo hazitakugharimu chochote, lakini siku utakapoambiwa kwamba wewe ndiwe uliyewaleta kunguni, zitakuwa shahidi wako wa kwanza.